Herufi Nene za Fundi Idi

Mjukuu wangu Neema anafungasha asali kwenye chupa ndogo na kuwauzia watu wa Dodoma na Dar es Salaam ambao hajawahi kuwaona. Wiki iliyopita alikuja na karatasi za kubandika kwenye chupa hizo, akazipanga mezani mbele yangu, akaniomba nichague. Nilivaa miwani. Zote zilikuwa na neno moja, ASALI, ila mwandiko ulitofautiana. Ile aliyoisogeza karibu zaidi na mkono wangu ilikuwa na herufi nene za mviringo, zisizo na pembe hata moja, zimevimba kama maandazi yaliyoumuka vizuri.

"Hii siitaki," nikasema kabla hajauliza.

"Bibi, hata hujaiangalia."

"Nimeiangalia."

"Haya ndiyo yanayopendwa sasa hivi. Angalia kwenye juisi, kwenye pipi, kwenye mageti ya chekechea, kwenye nepi za watoto. Mtu akiona maandishi ya mviringo anajisikia vizuri."

"Ndiyo maana siyaamini," nikamjibu, naye akacheka akidhani natania.

Sikuwa natania. Nilishika ile karatasi kwa ncha ya vidole, nikawa kama mtu anayesikia nyayo nyuma yake na akigeuka haoni mtu. Nimefundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka mingi, nimewaombea wagonjwa, nimezika wenzangu, na Mungu amenipa umri ambao wazazi wangu hawakuupata. Ninamshukuru. Lakini kuna jambo moja la utotoni ambalo sijawahi kuwasimulia wa nyumbani kwangu. Nawaandikia ninyi wa rika langu, maana mnajua jinsi mtoto wa zamani alivyokuwa: alikaa kimya, akaona yote, akaelewa nusu.

Nilikulia Rungwa. Wakati ule kilikuwa kijiji cha watu wachache na miti mingi, na mbung'o walikuwa wengi kuliko watu na miti kwa pamoja. Baba yangu, Yohana, alilima mahindi na uwele kama kila mtu, ila kilichotulisha hasa kilikuwa asali. Alikuwa na mizinga ya magogo iliyotundikwa mbali porini, mingi kiasi kwamba sikuwahi kuiona yote.

Porini kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa mahali. Kila mrina asali alikuwa na alama yake, aliyorithi kwa baba yake, naye aliichoma kwa chuma cha moto kwenye kila mzinga. Alama ya baba ilikuwa mikato mitatu iliyotawanyika kama unyayo wa kanga. Ya Mzee Ntandu, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ilikuwa duara mbili zilizoshikana, moja juu ya nyingine, kama vibuyu viwili vilivyobebana. Wakati wa kurina, watu wanne au watano walikaa kambi moja wiki nzima, na ili asali isichanganyike walichora alama ya mzinga kwa mkaa kwenye kila debe. Debe lenye alama yako ni lako, hata likikutwa uvunguni kwa mtu mwingine. Na mtu aliyekula mzinga wa mwenzake hakupigwa wala hakutozwa kitu. Mizinga yake iliteremshwa mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo hakuruhusiwa kutundika mwingine, wala mwanawe baada yake. Tulikuwa na familia moja ya namna hiyo kijijini. Watoto wao walikula uji bila kitu, na sisi tulikatazwa kuwauliza kwa nini.

Mimi nilisoma alama hizo kabla ya kusoma herufi. Herufi alinifundisha mama, kwa kitabu cha sala, jioni baada ya kuosha vyombo. Zilikuwa nyembamba, zimesimama wima, kila moja na miguu yake midogo. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kila Kwaresima alifunga mpaka mashavu yakabonyea. Nikajumlisha mwenyewe bila kumuuliza mtu: herufi za Mungu ni nyembamba kwa sababu zinafunga.

Basi fikirini nilivyoona siku Fundi Idi alipofungua makopo yake ya rangi.

Alikuja na lori la kuchukua asali. Lori liliharibika giaboksi mbele ya kanisa, dereva akapata lifti ya kurudi Itigi kutafuta kifaa, na abiria wake mmoja akabaki amesimama barabarani na mkoba wa turubai begani. Alikuwa mtu mfupi wa Singida mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu, ila yeye hakufanya biashara. Aliandika. Aliandika milango ya maduka, viti vya vinyozi, pembeni mwa malori. Baba alimkaribisha nyumbani. Mama alipotaka kumpikia kuku, baba alimpa mgeni kisu achinje mwenyewe ili wote tule chungu kimoja, nacho kilikuwa kitu cha kawaida kwetu. Alitandika mkeka wake wa kuswalia uani kwetu, na baba akatukataza kupita mbele yake.

Sikuwa na neno na mkeka wake. Nilikuwa na neno na herufi zake.

Kesho yake aliandika DUKA kwenye ukuta wa duka la kijiji, kwa malipo ya chai tu. Watu walikusanyika. Alipiga mistari kwa kamba iliyopakwa mkaa, akazungusha chaki kwa vifuniko vya makopo vya saizi tatu, kisha akajaza rangi kwa brashi ya manyoya ya mbuzi. Kila mstari ulipofika mwisho aliuzungusha. Hakuacha ncha popote. D yake ilikuwa na kitambi. Tundu la katikati ya A lilikuwa dogo kama jicho la kuku anayesinzia.

"Fundi, herufi zako zimekula nini?" mama akamuuliza.

"Zimekula kwa watu, mama. Kwangu zingekonda."

Watu wakacheka. Mimi nikaikamata kauli ile nikaiweka. Zimekula kwa watu.

Muuguzi wa zahanati alimwomba aandike KARIBU kwenye mlango wa chumba cha sindano. Akaandika kwa njano na bluu, herufi zimeegemeana kama watoto kwenye benchi. Baada ya hapo walisema watoto wanaingia bila kulia. Wakubwa walifurahi. Mimi niliona ni mtego. Ndege hategwi kwa mawe, hutegwa kwa mtama, na nani anaweka mtama mlangoni pa chumba cha sindano isipokuwa mtu mwenye hila?

Nikaamua kumchunguza. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, nilitumwa huku na huko kutwa nzima, na hakuna anayemwona mtoto aliyebeba ndoo.

"Kwa nini herufi zako hazina pembe?" nilimuuliza siku moja akiwa anaosha brashi.

"Pembe ni za nyati. Ukiandika HATARI, weka pembe, mtu ashtuke. Ukiandika jina la marehemu, nyoosha, usicheze. Ila ukiandika asali..." Akainua brashi, tone la mafuta ya taa likaning'inia. "Umewahi kuona tone la asali lenye pembe?"

Niliona amejibu haraka mno, kama mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo na polisi.

Baba alikuwa na shida moja, ndiyo sababu hasa ya kumweka yule mgeni. Kule mjini madebe yote yalifanana, na asali yake, aliyoichuja vizuri bila masega wala nyuki waliokufa, ilichanganywa na ya watu wavivu. Alitaka madebe yake yajulikane kwa mbali. Wakakubaliana kwamba Fundi Idi ataandika ASALI kwenye madebe kumi na mawili yaliyokuwa yakisubiri lori. Kwa wiki ile alifuatana na warina asali porini, alisema, ili ajue anachokiandika.

Nami nilifuatana nao siku moja kubeba maji. Baba alikuwa juu ya mti na moshi wake. Nilizunguka kichaka nikamkuta Fundi Idi peke yake chini ya mzinga uliotundikwa chini chini, mzinga wa Mzee Ntandu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ile alama, duara ya juu, duara ya chini, tena na tena, polepole, kama kipofu. Kisha akatoa daftari dogo ndani ya shati, akageuka mgongo, akachora. Nilipokanyaga tawi aliniona. Akalifunga daftari.

"Usimwambie mtu," akasema, akitabasamu. "Watu hawapendi."

Sikumwambia mtu. Ila nilijua sasa kwamba lipo la kuambiwa.

Siku iliyofuata aliteremsha brashi kwenye madebe. Sisi watoto tulitazama tukitarajia aanze na A, kama watu wote. Akaanza na S. Alisema S ndiyo herufi inayomshinda mwandishi. Ikiharibika, hakuna haja ya kupoteza rangi kwenye nyingine. Basi akaandika S kwenye debe la kwanza, akaacha nafasi ya A, akaenda debe la pili, akaandika S, mpaka la kumi na mbili. Rangi ilikuwa nyekundu. Zilikuwa S nene, zimejikunja mpaka ncha za juu na chini zikakaribia kugusa tumbo. Jua lilipozidi akayaacha madebe yakauke, yamepangwa mbele ya ghala, akaenda kuswali adhuhuri.

Ndipo Mzee Ntandu alipoingia uani kwetu.

Alikuwa porini tangu alfajiri. Mizinga yake minne ya bondeni ilikuwa mitupu. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ndogo, hakuwa mtu wa ugomvi, na alikuja kumwomba baba ushauri kama mtu anavyokwenda kwa mwenzake. Alisema "Hodi" mara moja. Mara ya pili haikutoka, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefika kwenye madebe.

Mzee Ntandu hakujua kusoma. Alisoma nyayo, alisoma mawingu, alisoma alama. Na mbele yake kulikuwa na madebe kumi na mawili yaliyojaa asali, mbele ya ghala la jirani yake, na kila moja lilibeba alama ya babu yake kwa rangi nyekundu.

"Yohana," akasema. Aligeuka akaenda kuwaita wazee.

Walikuja watatu saa tisa, wazee wa warina asali, wakakaa kwenye viti vyetu vya miguu mitatu. Nusu ya kijiji ilisimama kwenye ua wa miti. Baba alikaa chini, mahali pa mtu anayeulizwa. Sijawahi kumwona akikaa chini mbele ya wanaume wenzake, na ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili linaweza kuishia na mizinga yake kuteremshwa. Niliwafikiria wale watoto wa uji.

"Ile ni herufi," baba akasema. "Inaitwa S. Fundi hajamaliza, ataweka na nyingine."

"Herufi," Mzee Ntandu akasema. "Basi nionyeshe ilipoandikwa na mtu mwingine."

Baba akanituma kitabu cha sala. Nikaleta, nikatafuta, nikaweka kidole. Mzee Ntandu akainama mpaka pua ikakaribia ukurasa.

"Hii imefungua mdomo juu, imefungua mdomo chini. Huyu ni nyoka. Ya kwenye debe imefunga. Ni vitu viwili."

"Ni ile ile, babu," nikasema.

"Ile ile vipi, mjukuu wangu, moja imekonda na nyingine imenona?"

Watu wakacheka, na sikuwalaumu. Baba hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka nyuma ya shingo. Fundi Idi alijaribu kueleza habari ya brashi na vifuniko, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Wewe ngoja, baba. Zamu yako itakuja."

Nilirudisha kitabu ndani. Mkoba wa turubai ulikuwa kwenye kona ya chumba cha wageni. Niliwaza kwa haraka ya mtoto: wazee wanatafuta mtu. Wakimpata mwingine watamwachia baba. Nikafungua mkoba, nikainua mkeka wa kuswalia uliokunjwa vizuri, nikalitoa lile daftari. Nikatoka mlango wa nyuma, nikazunguka ghala mbio, nikaliweka juu ya debe la mwisho, nikarudi kusimama kando ya mama kabla wazee hawajainuka.

Waliinuka kuyaangalia madebe, wakalikuta. Mzee Ntandu alilifungua. Kila ukurasa ulikuwa na alama za kwetu: unyayo wa kanga, jembe lililovunjika, jicho, ngazi ya vidato viwili, na duara zake mbili, zimechorwa mara ishirini, mara nyembamba, mara nene, mara zimefungwa, mara zimefunguka kidogo.

"Daftari la nani?"

"Langu," akasema Fundi Idi.

"Limefikaje hapa?"

Macho yake yalipita kwa mama, yakapita kwa baba pale chini, yakanifikia mimi. Nilikuwa bado nahema.

"Nililiacha hapo mwenyewe," akasema. "Asubuhi, nilipokuwa napaka rangi. Nikasahau."

Sitasahau jinsi moyo wangu ulivyotulia. Amedanganya. Nilijua kwa mikono yangu kwamba amedanganya, na mtu anayedanganya dogo hudanganya kubwa, ndivyo tulivyofundishwa. Mashaka yangu yote ya siku zile yakapata miguu ya kusimamia. Nikamnong'oneza mama, "Anasema uongo."

"Umejuaje?" akauliza, bila kunigeukia.

Nikatazama chini. Mkono wake ukaondoka begani kwangu.

Mzee Ntandu alikuwa mtu wa haki, lazima niseme hivyo. Kabla ya kuamua chochote aliomba debe moja lifunguliwe. Alichovya kijiti, akakiweka ulimini, akafumba macho kwa muda mrefu. Akachovya debe la pili. La tatu.

"Hii ni ya maua ya mti wa mtundu," akasema. "Ya juu kwenye mwinuko. Yangu ni ya mgunga, ni nyeupe na inauma kooni. Yohana, inuka. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nasema."

Baba akainuka. Mama akatoa pumzi. Ningependa kuishia hapo.

"Sasa wewe," Mzee Ntandu akamgeukia mgeni. "Alama zetu unazipeleka wapi?"

"Sizipeleki popote, mzee. Nilizipenda. Nimeandika miaka kumi na tano, S yangu ilikuwa inaanguka upande mmoja. Nilipoona ile ya kwako nikaona jinsi inavyokaa. Ninyi mmekuwa mkiandika vizuri kuliko mimi, muda wote."

"Mtu hapendi alama," Mzee Ntandu akasema. "Mtu hupenda asali."

Hakuna aliyeona njia nyingine ya kulielewa. Mtu wa mjini, mwenye alama zetu zote mfukoni na ufundi wa kuziandika, na mizinga minne mitupu. Wazee waliamua aondoke na lori, asirudi, na daftari lichomwe. Walimuuliza baba, kama mwenyeji, ana neno gani. Dakika chache tu zilikuwa zimepita tangu baba ainuke kutoka pale chini. Aliangalia mikono yake. Akasema hana neno.

Mzee Ntandu alichoma kurasa moja moja kwenye mafiga ya mama. Kabla hajaanza mama aliondoa chungu. "Sipikii watoto kwa moto huo," akasema, akaenda kuwasha mwingine. Na Fundi Idi akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akazifuta zile S, debe kwa debe, mpaka vidole vyake vikawa vyekundu na madebe yakabaki kama yalivyokuwa.

Kifaa kilifika siku ya tatu. Alipotuaga nilimwamkia kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Soma kwa bidii."

Nilimtazama mpaka lori likakunja kona, kuhakikisha kwamba amekwenda kweli.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mzee Ntandu alipoteza mizinga mingine miwili, na safari hii alikesha porini kuivizia. Alikuja kwetu asubuhi, akakaa, akanywa chai yote kabla ya kusema.

"Nyegere," akasema. "Wawili, na mtoto wao. Nimeona makucha yao kwenye gogo. Hata ile ya kwanza nimerudi kuiangalia, makucha yapo. Nilikuwa na hasira, sikuyaona."

"Tumshukuru Mungu," baba akasema.

"Nyegere hana daftari," Mzee Ntandu akasema tena, polepole, na hakuna aliyecheka.

Jumapili ile, baada ya ibada, tulikuwa tunabangua karanga uani. Mama akasema kama anayezungumza na karanga, "Siku ile ya wazee, huyu aliniambia fundi anadanganya. Nilimuuliza alijuaje. Mpaka leo hajanijibu."

Baba akaacha kubangua. Sikupigwa, sikutishwa. Aliniangalia tu, nami nikasema yote: mkoba, mkeka, mlango wa nyuma, debe la mwisho.

"Alikuona?" akauliza.

"Aliniangalia."

"Nilikuwa nimekaa chini," akasema, akimwambia mama, si mimi. "Wananiuliza kama mimi ni mwizi. Fundi angesema tu kwamba daftari lake limetolewa ndani ya mkoba wake, ndani ya nyumba yangu, mgeni akiwa bado anakula kwangu. Neno hilo moja. Nani angengoja kuonja asali kabla ya kuteremsha mizinga yangu?"

Ndipo uongo ule ulipogeuka mbele yangu. Nilikuwa nimeushika kwa wiki nyingi kama ushahidi, nikijisifu moyoni kwamba mimi peke yangu niliuona. Kumbe niliuona kweli, na sikujua ninachokiona. Nimeishi na watu wengi tangu wakati ule, na kila ninapomkamata mtu kwa neno lisilo la kweli, huwa nangoja kidogo kabla ya kufurahi.

Baba alipanda lori lililofuata kwenda Singida. Alikaa siku sita. Aliporudi vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope, nami nikampelekea maji ya kunawa na kusimama pale na taulo, nikiogopa kuuliza.

"Nimemkuta," akasema. "Anaandika mlango wa duka la nguo za watoto, nyuma ya soko. Nimemwambia kwamba mwanangu amekiri. Nimemwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ajili yako, na kwa ajili yangu niliyenyamaza."

"Akasemaje?"

Baba alinawa uso, akachukua taulo, akajifuta.

"Alizungusha chaki mpaka akamaliza herufi aliyokuwa nayo. Kisha akanigeukia, akasema, 'Mzee Yohana, mtoto amesahau. Nililiacha nje mwenyewe.'"